Kilima cha Ascona: Wanaturisti, Fedha na Sikukuu za Desemba

Kila Desemba inapokaribia, katika nchi za Ulaya na Amerika Kaskazini huzuka upya mjadala kuhusu sikukuu za majira ya baridi, yaani Krismasi na siku zinazofuata hadi Mwaka Mpya, ambazo wakosoaji wanasema zimetekwa na maduka kiasi kwamba upendo hupimwa kwa zawadi zilizonunuliwa. Katika mjadala huo wanaturisti hutajwa kwa nadra, na wanapotajwa mazungumzo huishia kwenye kuvua nguo, ilhali historia yao inaonyesha kwamba nguo zilikuwa sehemu moja tu ya jambo pana zaidi, likiwemo swali la kununua na kuuza. Unaturisti, kwa ufafanuzi ambao shirikisho lao la kimataifa liliupitisha Cap d'Agde, Ufaransa, mwaka 1974, ni namna ya kuishi kwa kupatana na maumbile, ambayo hujidhihirisha katika kukaa uchi kwa pamoja kwa nia ya kukuza heshima kwa nafsi, kwa watu wengine na kwa mazingira.

Mizizi yake imo katika vuguvugu la Kijerumani la mwishoni mwa karne ya 19 lililoitwa Lebensreform, yaani urekebishaji wa maisha, ambalo wafuasi wake waliukimbia moshi wa viwanda, wakaacha pombe na nyama, na kutafuta afya katika jua, maji na hewa safi.

Mwaka 1900 kikundi kidogo cha watu wa mawazo hayo kilinunua kilima juu ya mji wa Ascona, kusini mwa Uswisi, na kukiita Monte Verità, Mlima wa Ukweli. Miongoni mwao walikuwa Henri Oedenkoven, mwana wa tajiri wa viwanda kutoka Ubelgiji; Ida Hofmann, mwalimu wa piano; na ndugu wawili, Karl na Gusto Gräser, ambao mmoja wao, Karl, alikuwa ameacha uofisa katika jeshi la Austria na Hungaria. Walijenga vibanda vya mbao vya kupitisha mwanga na hewa, wakala mboga na matunda, na kulima bustani wakiwa uchi au na vazi jepesi tu. Hata hivyo, kilichowatenganisha mapema kilikuwa fedha. Oedenkoven na Hofmann walitaka kujenga nyumba ya tiba ambayo wageni wangelipia, ili kilima kijitegemee, lakini akina Gräser waliamini kwamba mtu aliyekwisha kuvua mavazi ya tabaka lake hawezi kuendelea kuuza na kununua, na kwamba mahitaji yapatikane kwa kazi ya mikono au kwa kubadilishana. Gusto aliondoka, akawa mtembezi asiye na mali. Karl alihamia kiwanja chake jirani, ambako alijitengenezea samani kwa matawi ya miti.

Katika kitabu chake cha mwaka 1906, Hofmann alimtetea Oedenkoven. Mwaka mmoja kabla, mwandishi Erich Mühsam alikuwa ameandika kwa uchungu kwamba jaribio la ujima lilikuwa limegeuka biashara ya kutibu wageni. Hofmann alikuwa na hoja, kwa kuwa bila ada za wageni kilima kisingedumu, lakini swali la Karl, yaani kama mtu aliyeliacha tabaka lake anaweza kuendelea kuuza na kununua, lilikuwa zito zaidi.

Swali hilo halikuwa la Ascona peke yake. Novemba 1912, mjini New York, bila uhusiano wowote na kilima hicho, Eleanor Robson Belmont na Anne Morgan, binti wa mwanabenki J. P. Morgan, walianzisha jumuiya ya kupinga zawadi zisizo na maana, baada ya wanawake wafanyakazi kulalamika kwamba kila Krismasi walilazimika kuchangia zawadi za wakubwa wao kazini kutoka katika akiba zao ndogo. Theodore Roosevelt, aliyewahi kuwa rais wa Marekani, alijiunga nao.

Wito kama huo ulisikika tena baadaye: mwaka 1998 mwandishi Bill McKibben alichapisha kitabu kilichopendekeza Krismasi ya dola 100 kwa familia, nacho kimebaki kati ya miito inayojulikana zaidi ya namna hiyo.

Tukirudi Ascona, kilima chenyewe cha Monte Verità kilinunuliwa mwaka 1926 na mwanabenki Eduard von der Heydt, aliyejenga hoteli juu yake, na leo kina kituo cha mikutano pamoja na jumba la makumbusho katika Casa Anatta, nyumba ya zamani ya Oedenkoven. Ni jambo la kusikitisha kwamba katika kumbukumbu za wengi picha za watu walio uchi bustanini zimefunika kabisa ugomvi wa fedha, kwani Karl Gräser anastahili kukumbukwa kwa kukataa kwake kununua angalau kadiri wenzake wanavyokumbukwa kwa ngozi zao.