Hongo ya Njia

Ukimtajia kijana wa leo neno hongo, atafikiria karani wa masijala na ile bahasha inayopita chini ya meza. Simlaumu, neno limeshaoza. Lakini babu wa babu zetu walilitamka bila aibu yoyote. Hongo ilikuwa ada ya kupita. Una msafara wako, wapagazi wako mia, unataka kukanyaga nchi ya watu. Haya karibu, ila kwanza mtambue mwenye nchi. Doti kadhaa za kitambaa, shanga, masango ya shaba, ndipo njia inafunguka na maji ya kunywa unaonyeshwa yaliko.

Mimi nimezaliwa Kasulu na mama yangu ni wa Kibondo. Kwa hiyo ni Muha pande zote mbili, na sina pa kukimbilia. Jamaa zangu wa kijiweni Dar es Salaam wananiita “mwisho wa reli”. Nacheka nao. Lakini hata huo mwisho wa reli si kwetu, maana kutoka stesheni ya Kigoma mpaka Kasulu kuna safari nyingine ya kupanda milima. Kwetu asubuhi watu huvaa sweta. Tuna mahindi, maharage, migomba na kahawa, na ziwa tunalijua kwa kunusa, pale gunia la dagaa linapofunguliwa sokoni. Sasa mtu wa milimani anapoamua kulizunguka ziwa kwa miguu, hata kipande kidogo tu, watu wanamuuliza kapoteza nini.

Mzunguko wenyewe hauna kibao. Unaanza stesheni ya Kigoma, unashika ukingo wa ghuba kuelekea rasi ya Bangwe, unapita juu ya magenge na kuteremkia mchangani Katonga, halafu unafuata vijia vya mashambani hadi Ujiji. Kurudi unapanda kwa barabara ya Mwanga. Ukiwa huna haraka inakula siku nzima. Nilivaa katambuga na sikujuta.

Stesheni ile ni ya Wajerumani. Reli kutoka Dar es Salaam, kilometa 1,250 hivi, ilifika hapa mwaka 1914, na vita vikaanza mwaka uleule. Mwaka uliofuata Wajerumani wakaishusha majini meli yao ya Graf von Goetzen, iliyokuja vipande vipande toka Ulaya. Julai 1916 wakaizamisha wenyewe isije ikatekwa, wakatimka, na Wabelgiji wakaingia Kigoma. Wengi wetu shuleni tulifundishwa Wajerumani halafu Waingereza, basi. Huyu Mbelgiji wa katikati amerukwa. Kumbe alitawala Kigoma na Buha mpaka mwaka 1921, na alipowaachia Waingereza hakuondoka mikono mitupu. Katika mkataba wa mwaka huo alipewa maeneo yake katika bandari ya Kigoma na ya Dar es Salaam, apitishe mizigo ya Kongo bila ushuru wa forodha, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Milele.

Isome tena hiyo, msomaji mwenzangu. Faranga moja kwa mwaka, milele! Mababu zetu waliodai doti chache kwa msafara mmoja wameandikwa vitabuni kuwa wanyang'anyi. Milele yenyewe haikufika mbali, maana mwaka 1961 uhuru ulipokaribia, Mwalimu Nyerere alisema wazi kwamba serikali yake haitafungwa na mkataba ule. Lakini miaka arobaini ilikuwa imeshapita, na njia yetu imepitwa kwa bei ya karanga.

Kutoka hapo mjini ghuba inazunguka kama mkono uliokunjwa, na kiwiko chake ndiyo Bangwe. Ardhi inapanda, miti inapungua, na ghafla chini yako ni mawe mekundu na maji. Maji ya Tanganyika hayana mfano. Karibu na mawe ni ya kijani, hatua chache mbele yanakuwa buluu nzito, na ukikumbuka kwamba kina chake kinafika meta 1,470, ziwa la pili duniani kwa kina, magoti yanalegea kidogo. Hewa ikiwa safi unaona milima ya Kongo ng'ambo. Upepo unavuma kutoka huko, na mtu uliyezoea migomba unajiona mdogo.

Nilikaa pale juu muda mrefu nikiangalia kaskazini, upande wa Kagunga. Huko siwezi kukuonyesha, ni mbali, mpakani kabisa na Burundi. Lakini huwezi kukaa Bangwe usifikirie Kagunga. Mwezi Mei 2015 maelfu kwa maelfu ya Warundi walijazana kwenye kipande kile cha ufuko, mlima nyuma na maji mbele, na kipindupindu kikawakuta hapohapo. Barabara hakuna. Iliyowatoa ni meli, tena meli ileile ya Wajerumani! Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 wakairudisha kazini kwa jina la Liemba. Ikawaleta Kigoma shehena baada ya shehena ya watu, wakapumzishwa uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapandisha milimani. Kwetu. Nyarugusu, iliyoko Kasulu tangu Wakongo walipokimbia vita mwaka 1996, ikapita watu laki moja na nusu. Oktoba 2015 Nduta ya Kibondo ikafunguliwa tena.

Ndiyo maana nasema ufuko huu unaishia Kibondo, hata kama ramani inakataa. Tangu 1972, halafu 1993, halafu 1996, kila mtikisiko wa ng'ambo au wa kaskazini unashuka majini au unavuka mpaka na kumalizikia kwenye mashamba yetu. Bibi yangu alimpa mgeni muhogo kabla hajamuuliza jina. Hongo hakuuliza.

Baada ya hapo tumelipa sisi. Kiha na Kirundi ni lugha zinazosikilizana, mtu wa Manyovu na mtu wa ng'ambo ya mpaka wanaweza kuteta bila mkalimani. Basi ukisafiri na lafudhi hii, ukifika kwenye kizuizi fulani, wewe unateremshwa. Niliteremshwa nikiwa kidato cha tano, basi zima likinitazama. “Wewe Mrundi?” Hapana, afande, mimi Muha. “Utajuaje?” Nikatoa kitambulisho cha shule. “Imba wimbo wa taifa.” Nikaimba, mpaka ubeti wa pili. Akaniuliza tena babu yangu kazaliwa wapi, na baba wa babu je? Mwisho kondakta akashuka, akasema naye neno pembeni, tukaondoka. Alimpa nini, sikuuliza. Nilijua neno lake.

Ukiteremka Bangwe kwenda Katonga unasikia harufu kabla ya kuona mwalo. Dagaa wametandazwa mchangani, fedha tupu, na kina mama wanapita katikati wakiwageuza. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikitoka, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu na kudaiwa madeni. Mama mmoja aliniona nimesimama kama mnara.

“Mwanangu, unatafuta mtu?”

“Hapana mama, shikamoo. Napita tu, naenda Ujiji.”

“Marahaba. Kwa miguu? Gari hakuna?” Akanitazama katambuga. “Wa Kasulu wewe.”

Nikakubali. Akacheka, akasema watu wa Buha ndio wateja wake wa tangu bibi yake, na kwamba zamani walikuwa wakishuka na maharage na majembe kichwani, wakipanda na samaki na mawese. Akanifungia dagaa kwenye gazeti, hataki hela. Hapo ndipo nilipoanza kulielewa ziwa: uchumi wa hapa wote ulibebwa kwa shingo. Chumvi ya Uvinza peke yake ina historia inayoweza kujaza gazeti hili. Wachimbaji wa mambo ya kale waliofika miaka ya 1960 walikuta dalili kwamba watu walichemsha chumvi pale zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kwenye chemchemi zilizo karibu na mahali mto Ruchugi unapokutana na Malagarasi. Na Ruchugi unatoka wapi? Unatoka milima ya Kasulu. Chumvi ile ilipanda Buha, ikashuka ziwani, ikavuka.

Kutoka Katonga ufuko unakatika na mawe, inabidi upande, ushike vijia vya mashamba ya mihogo, michikichi kulia na kushoto. Sehemu hii ni ya kutembea tu, sina la kusimulia, ila jua.

Ujiji inakupokea kwa vivuli vya miembe. Huu mji wa nyumba za udongo na baraza, wa Wajiji, Wamanyema na Waswahili wa kila asili, ulikuwa mji wakati Kigoma bado kijiji. Burton na Speke walifika Februari 1858. Pembe na watu waliofungwa minyororo walipita hapa kwenda Tabora na pwani, na wengi wao hawakurudi. Leo mgeni anapelekwa moja kwa moja kwenye mnara wa Livingstone na Stanley, chini ya miembe inayosemekana ni vizazi vya ule mwembe wenyewe, na ndani ya makumbusho kuna masanamu mawili ya wazungu yanavuliana kofia.

Nilimwamkia mzee mmoja barazani, nikamuuliza ziwa liko wapi. Maana pale mnarani hulioni. Mzungu gani huyu alipokewa ufukoni kwenye ufuko usio na maji?

“Lilikuwa hapa,” mzee akasema, akionyesha miguuni pake. “Limehama.”

Nikadhani ni mafumbo ya Ujiji, lakini ni kweli tupu. Wakati Stanley anafika, mwaka 1871, ziwa lilikuwa juu sana. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio mdomo wa ziwa, na mdomo ule ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mnamo 1878 maji yakauvunja, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka meta kama kumi. Hore, mmishenari wa Kiingereza aliyekuwa akiishi hapa Ujiji, aliliona likishuka. Ufuko wa Ujiji ni wa tambarare, kwa hiyo meta kumi za kwenda chini ni safari ndefu ya kwenda mbele. Mji ukabaki nchi kavu, meli kubwa zikataka kina, na ghuba ya Kigoma ndiyo yenye kina. Hivyo reli haikuishia Ujiji. Kisha kuanzia 2020 ziwa likapanda tena, maji yakameza sehemu za fukwe, na watu wakashangaa kana kwamba lilishawahi kutulia.

Sasa nirudi kwa Stanley, maana kuna kipande ambacho masanamu hayakisimulii. Kabla ya kuvua kofia alipita Buha. Njia ya kawaida ilikuwa imefungwa na vita vya Mirambo, akazunguka, akaingia nchi yetu, na huko akadaiwa hongo. Akalipa doti kwa makumi kwa mtawala mmoja, akidhani kamaliza Buha yote. Akaambiwa mbele kuna mwingine, na mbele ya huyo wengine tena. Akakasirika, akafikiria hata kupigana. Mwishowe akamlipa mtu wa kumwongoza, akatoroka usiku na msafara wake wote, wakinyata porini nje ya njia, wakivuka mto anaouandika Rusugi, yaani Ruchugi wetu, na kila mlio ukiwatia hofu kwamba Waha wameamka. Siku chache baadaye akatokea Ujiji na bendera na bunduki zikilia.

Kitabuni mwake yeye ndiye aliyeonewa. Nilipokisoma, nami nilimhurumia kurasa mbili hivi. Anajua kusimulia, bwana. Lakini jaribu kumwangalia kutoka Heru, ikulu ya mwami, au kutoka Muhambwe ambako leo ni Kibondo. Wageni wenye silaha wanaingia bila barua. Walio mbele yao walichukua watu. Utawaomba nini, kitambulisho cha shule? Unawaomba hongo, unawahesabu bunduki, unamtuma mtu kwa jirani kumwambia wanakuja. Na wale watawala hawakuwa wendawazimu kudai kila mmoja chake, kwa sababu Buha haikuwa nchi moja yenye geti moja. Heru, Muhambwe, Buyungu, Bushingo, kila moja ilikuwa na mwami wake, na chini ya mwami walikuwapo watware.

Miaka haikupita mingi geti likageuzwa. Mjerumani akajenga boma Ujiji mwaka 1896, na kodi ikafuata. Mwingereza hakutaka Buha ilime cha kuuza, alitaka Buha itoe mikono. Ukitaka shilingi ya kodi, nenda mkonge Tanga. SILABU, ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyoanzishwa 1944, ikawa inakusanya vijana Kasulu na Kibondo, wanapewa namba, wanakuwa manamba, wanapakiwa kwenye treni ileile ya stesheni nilikoanzia. Babu yangu mzaa mama alikwenda. Alirudi na blanketi, taa ya chemli na Kiswahili. Ni hicho Kiswahili chake ninachokuandikia.

Jioni nilipanda Mwanga, dagaa wangu wa gazeti mkononi wakiwa wameshaloweka mafuta kurasa za michezo. Barabara ya kwenda Kasulu siku hizi ina lami, na makondakta walikuwa wanaita, “Kasulu, Kibondo, Kasulu moja!” Niliingia nikakaa dirishani, kitambulisho mfuko wa mbele. Kiangazi kijacho nataka kuitembea ile njia ya Stanley ya usiku, kuanzia Ruchugi, kijiji kwa kijiji, nikiuliza wazee kama yapo majina yaliyobaki. Nitapita mchana.