Hati za Majaribio na Zana za Zamani: Historia Fupi na Suala la Istilahi

Katika makala hii fupi tunakusudia kueleza jinsi hati za kujaribu mifumo ya mafaili zilivyopatanishwa na zana za matoleo ya zamani, kisha tuonyeshe istilahi zinazomhusu mfasiri wa habari hizo.

Mfumo wa mafaili ni utaratibu ambao kompyuta hufuata katika kuhifadhi na kutafuta habari ndani ya diski. Mmojawapo, XFS, ulianza kubuniwa na kampuni ya Silicon Graphics ya Marekani mwaka 1993, ukatolewa mwaka 1994, na baadaye ukahamishiwa Linux. Ili kuupima, zilitungwa hati ziitwazo xfstests, ambazo hatimaye zilitumiwa pia kupima mifumo mingine kama ext4 na btrfs. Kila hati huendesha amri kadhaa, na matokeo yake hulinganishwa na matokeo ya kigezo yaliyokwisha kuandikwa. Yakitofautiana hata kwa neno moja, jaribio huhesabiwa kuwa limeshindwa.

Shida ilizuka zana zilipobadilika. Mwaka 2015, mkfs.xfs, zana ya kuandalia diski, ilianza kuweka namba za ukaguzi bila ya kuagizwa. Hati isiyozitaka ililazimika kutaja chaguo la «-m crc=0»; lakini zana ya zamani haikulijua chaguo hilo, ikaikataa amri nzima. Mfumo wenyewe ulikuwa mzima. Kilichopungua ni msamiati wa zana.

Dawa zilikuwa tatu. Kwanza, hati huichunguza zana kama inalijua chaguo hilo. Isipolijua, huliondoa katika amri. Pili, vichujio hufuta tofauti za maneno kabla ya ulinganisho. Tatu, pale ambapo zana haina kabisa uwezo unaohitajiwa, jaribio huandikwa kuwa halikuendeshwa.

Hapa ndipo penye jukumu la mfasiri. Akiandika «limefaulu» badala ya «halikuendeshwa», mtunza kumbukumbu ataamini usalama usiothibitishwa. Akiandika «limeshindwa», mfumo usio na kasoro utakataliwa. Hivyo twapendekeza istilahi tatu zitengwe daima: kufaulu, kushindwa na kutoendeshwa. Jaribio lisiloendeshwa halitoi ushahidi wowote, wala wa uzima wala wa ubovu.