Umbali wa Mashujaa wa Kale

Msomaji wa zama hizi, aliyezoea hadithi zinazofunua kila siri ya moyo, hulalamika kwamba mashujaa wa visa vya kale ni wakubwa kupita kiasi, hawalii wala hawaoni haya, hata akawasoma pasi na kuwapenda. Nami naona kwamba lawama hiyo, ingawa ina haki yake, humsahau msimulizi na hadhira iliyomzunguka.

Katika Bushi, kwenye nchi ya Ngweshe iliyo leo sehemu ya Walungu, jina lililoadhimishwa lilikuwa la Lyangombe, mwindaji hodari ambaye, kama wasimuliavyo pia majirani wa Rwanda, aliuawa na nyati. Hofu yake haielezwi. Lakini waumini walioingizwa katika ibada yake ya kubandwa hawakuwa watazamaji: mizimu ya mashujaa ilipowapanda, walinena na kutenda kama wao, na ule umbali ukatoweka ndani ya mwili wa mkulima. Mapadre Weupe, waliofika mwanzoni mwa karne ya 20, waliipiga vita ibada hiyo, na kisa kikatengwa na miili iliyokipa uhai.

Kaskazini zaidi, kwa Wanyanga wa Walikale, tunao ushahidi ulio bayana. Mwaka 1956 msimulizi Shekarisi Rureke alimsimulia mtafiti Daniel Biebuyck kisa cha Mwindo, ambacho Biebuyck na Kahombo Mateene walikichapisha mwaka 1969. Mwindo anazaliwa akitembea na kusema. Babaye Shemwindo, asiyetaka mtoto wa kiume, anamfungia ndani ya ngoma na kumtosa mtoni. Katika kitabu mambo hayo hupita kasi, pasi na chozi. Rureke, lakini, aliimba na kucheza, kibuyu cha kutikiswa mkononi na njuga miguuni, vijana wakimpigia mdundo kwa vijiti, naye akijisemea kana kwamba ndiye Mwindo, watu wakiitikia na kumtuza. Uchungu wa mtoto aliyekataliwa ulikuwa katika sauti yake na katika vifua vya waliomsikiliza. Tena kisa chenyewe hakiridhiki na ukubwa wa shujaa wake: Mwindo hupandishwa mbinguni na Nkuba, bwana wa radi, akateswa kwa baridi, mvua na jua, ndipo arudipo duniani kutawala kwa upole.

Basi, ndugu msomaji wa Walungu, ikiwa nyumbani kwenu yupo mzee azijuaye habari za Lyangombe, inase kwanza sauti yake, na maneno uyaandike baadaye.