Takasia

Takasia ni kanuni ya mchezo wa bao la kiswahili ambayo kwayo shimo moja la mchezaji hufungwa kwa zamu moja, ili asiweze kuanza kucheza kutoka humo. Kanuni hii inategemea hesabu ya zamu ambazo bado hazijachezwa, hivyo hutoa nafasi ya tafsiri tofauti.

Msingi wa kanuni

Bao la kiswahili huchezwa kwenye ubao wenye safu 4 za mashimo 8, kwa kete 64. Kila mchezaji ana safu mbili. Mchezo una hatua mbili: namua, ambapo kila mmoja huingiza ubaoni kete 22 za akiba, moja kila zamu, na mtaji, ambapo kete zote zimo ubaoni. Mwenye nafasi ya kula lazima ale. Asiye na nafasi hiyo hutakata, yaani husambaza kete zake bila kula. Anayeishiwa kete katika safu ya mbele, au asiyeweza kucheza, ameshindwa.

Takasia hutokea katika hatua ya mtaji, mambo haya matatu yakikutana:

* mchezaji ametakata;
* baada ya hapo mpinzani hana nafasi ya kula;
* shimo moja tu la mpinzani linaweza kuliwa katika zamu inayofuata ya yule aliyetakata.

Shimo hilo limetakasiwa. Mpinzani, ambaye naye analazimika kutakata, haruhusiwi kuanzia hapo.

Shimo lisilofungika

Takasia haifanyi kazi juu ya mashimo ya aina tatu: nyumba ambayo bado ni ya mwenyewe, shimo pekee lenye kete katika safu ya mbele, na shimo pekee la safu hiyo lenye kete zaidi ya moja.

Nyumba ni shimo la nne kutoka kulia kwa mchezaji katika safu yake ya mbele. Huanza na kete 6 na ina haki zake. Kwa mfano, mchezaji anayekula katika namua akiishia kwenye nyumba yake yenye kete 6 au zaidi, anaweza kulala hapo au kuisafirisha.

Utata na tafsiri

Kanuni ikitajwa kwa kifupi kama hapo juu, swali moja hubaki: ni shimo lipi "linaloweza kuliwa"? Katika bao, mchezaji akishakula anaendelea kusambaza na anaweza kula tena mara kadhaa katika zamu ileile. Anayehesabu mlo wa kwanza tu ataona shimo moja liko hatarini, na takasia ipo. Anayehesabu na milo inayofuata anaweza kuona mashimo matatu, na takasia haipo. Tofauti hiyo inaweza kuamua mshindi.

Mashimo yasiyofungika yanasaidia kuelewa lengo la kanuni. Takasia inamzuia mpinzani asiondoe kete zilizolengwa. Haikukusudiwa kumnyang'anya haki ya nyumba wala kumfungia safu yote ya mbele. Kwa hiyo tafsiri inayomwacha mchezaji bila pa kuanzia kwa sababu ya takasia peke yake inapingana na kanuni yenyewe.

Kanuni za bao hurithishwa zaidi kwa kutazama na kucheza kuliko kwa kusoma. Mtafiti Mholanzi Alex de Voogt aliandika juu ya mabingwa wa bao wa Zanzibar katika kitabu chake cha mwaka 1995. Baadaye Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk walitengeneza programu ya kompyuta ya kucheza bao. Kazi ya namna hiyo hudai kila kanuni ielezwe bila kuacha pengo, kwa kuwa kompyuta haiwezi kuuliza wazee barazani.

Mikoa ya mpakani

Utata huongezeka pale michezo ya jamii moja inapokutana. Mkoa wa Kagera unapakana na Uganda, kwenye omweso, na Rwanda, kwenye igisoro. Michezo hiyo pia ina mashimo 32 na kete 64, lakini haina nyumba wala takasia. Mtu aliyezoea omweso akikaa Bugene, wilayani Karagwe, na mchezaji wa bao la kiswahili, ubao utafanana ila kanuni hazitafanana. Njia salama ni kukubaliana kabla ya kete ya kwanza.

Ulinganisho

Tatizo hili lipo pia katika michezo ya kuigiza wahusika mezani, kama Dungeons & Dragons ya Marekani (1974). Katika toleo lake la 2014, mtu anayegeuka mbwamwitu hadhuriki na mashambulizi ya silaha za kawaida zisizo za fedha. Je, akianguka kutoka juu ataumia? Anguko si shambulizi, hivyo huumia. Huko msimamizi wa mchezo ndiye huamua. Katika bao hakuna msimamizi wa namna hiyo, na uamuzi hutegemea makubaliano ya wachezaji wenyewe.

Tazama pia

* Bao
* Omweso
* Igisoro