Usahihi Unaofuata Uamuzi: Vihesabio vya Kurasa Chafu katika Linux

Programu inapoandika faili kwenye Linux, data haiendi diskini papo hapo. Hukaa kwanza kwenye kumbukumbu, katika kurasa ambazo wataalamu huziita chafu, mpaka mfumo endeshi uzimwage kwenye diski. Idadi ya kurasa hizo ndiyo inayoamua kama programu itaendelea kuandika au itasubirishwa. Kwa mipangilio ya kawaida, umwagaji huanza kurasa chafu zinapofika asilimia 10 ya kumbukumbu inayopatikana, na programu hubanwa zisivuke asilimia 20. Kinachobishaniwa ni kiasi cha usahihi ambacho hesabu hiyo inahitaji.

Rai iliyotawala inasema makadirio yanatosha. Msingi wake ni imara. Vichakataji vingi vikigombea kihesabio kimoja, kila kimoja hungoja zamu, na mashine kubwa huishia kwenda polepole kuliko ndogo. Boyd-Wickizer na wenzake wa MIT walilionyesha hilo mwaka 2010 kwenye mashine ya viini 48, na dawa waliyopendekeza ilikuwa kila kiini kishike akiba yake ya hesabu. Paul McKenney ameandika kwa kirefu juu ya mbinu za jamii hiyo. Hapo hakuna mgogoro.

Mgogoro unaanza pale makadirio yanapolinganishwa na kikomo. Watetezi wa rai hiyo husema asilimia 20 yenyewe ni ya kubuni, na tena mfumo haukagui kila ukurasa unaochafuliwa. Hukagua baada ya kurasa kadhaa. Kwa nini basi kuhangaikia kosa dogo la hesabu? Makala hii inadai kwamba swali hilo limeulizwa vibaya. Ukubwa wa kosa haupimwi peke yake. Hupimwa dhidi ya kikomo kinachosimamiwa.

Ushahidi ulio wazi kuliko wote unatoka toleo la 4.16, la mwaka 2018. Kabla yake, kusoma takwimu za kumbukumbu za makundi yanayobeba makontena kulidai kujumlisha hesabu ya kila kichakataji kwa kila kundi, na kazi hiyo ilikuwa nzito mno. Johannes Weiner akaibadilisha: kila kichakataji kishike tofauti isiyozidi kurasa 32, ya kuongeza au ya kupunguza, na ikizidi hapo iingizwe kwenye jumla ya pamoja. Wasomaji waliangalia jumla hiyo tu. Usomaji ukawa mwepesi, na kwa anayetaka kuchora grafu ya matumizi ya kumbukumbu hapakuwa na hasara yoyote ya maana.

Lakini miongoni mwa wasomaji alikuwemo mbanaji wa waandishi, ile sehemu ya mfumo inayoamua nani asubiri. Kwenye mashine ya vichakataji 100 yenye kurasa za kilobaiti 4, kosa liliweza kufika kurasa 3,200, yaani takriban megabaiti 13 kwa kila kundi. Kwenye mashine za PowerPC zenye kurasa za kilobaiti 64, kosa lilelile lilikuwa megabaiti 200. Na kwa kuwa baadhi ya maamuzi yalitumia kurasa chafu pamoja na zile zinazomwagwa wakati huo, kosa liliongezeka maradufu.

Hali mbaya kupita zote inastahili kufuatwa hatua kwa hatua. Chukua kundi lisilo na ukurasa mchafu hata mmoja, lakini kila kichakataji kinashika 32 za kuongeza, na jumla ya pamoja imebaki hasi 3,200. Hesabu inalingana: ukweli ni sifuri. Sasa programu inachafua kurasa 3,200 mpya. Jumla ya pamoja inapanda mpaka sifuri, na mbanaji anasoma sifuri. Haoni sababu ya kumzuia mtu. Ikiwa nafasi ya kurasa za faili katika kundi hilo haizidi kiasi hicho, yote hujaa kurasa chafu, kumbukumbu hukosa pa kunyang'anywa, na mfumo huua programu ambayo haikukosa lolote.

Mwaka 2019, katika toleo la 5.1, Greg Thelen alirekebisha kasoro hiyo kwa kumfanya mbanaji ajumlishe hesabu zote za vichakataji kabla ya kuamua. Aliambatanisha jaribio lililoua programu bila kukosa kabla ya marekebisho, na lililomalizika salama baada yake. Takwimu za kawaida ziliachwa zisome jumla ya makadirio kama zamani. Kihesabio kilikuwa kilekile, wasomaji wawili, viwango viwili vya usahihi.

Yapo maneno kwamba makontena madogo hayapaswi kuwa kipimo cha mfumo uliojengewa mashine kubwa. Hoja hiyo haisimami. Kinachohusika ni nafasi iliyobaki kwa kurasa za faili, si ukubwa wa kontena. Kontena la gigabaiti nyingi ambalo karibu lote limeshikwa na kumbukumbu isiyoweza kurudishwa litaumia sawasawa na lile dogo. Hata mwendeshaji mwenye mashine ya bei ghali hawezi kujiona yuko salama.

Gharama nayo hutiwa chumvi. Kujumlisha seli 100 za kumbukumbu huchukua, kwa makadirio ya juu, makumi ya mikrosekunde. Mbanaji anaweza kumsimamisha mwandishi hadi milisekunde 200. Kutumia kitambo hicho kidogo kuhakikisha kwamba adhabu ni ya haki si ubadhirifu. Ni kweli pia kwamba jumla kamili haiwi picha ya papo moja, kwa sababu hesabu hubadilika wakati zinasomwa. Hata hivyo kosa hilo ni la kupita; halilimbikizwi ndani ya vichakataji likangoja siku ya kuharibu.

Tena fikra hii haikuwa ngeni. Peter Zijlstra alipoleta kikomo cha kila kifaa katika toleo la 2.6.24, mwaka 2008, aliweka sharti: kikomo kikiwa chini ya mara mbili ya kosa linalowezekana, jumla kamili isomwe. Kwa kanuni ya vihesabio vya vifaa, mashine ya vichakataji 64 ina kosa la kurasa 3,584, yaani megabaiti 14, hivyo sharti huanza kufanya kazi chini ya megabaiti 28. Yeye alihofia mkwamo wa upande wa pili: vifaa vilivyopandana, hesabu ikidai kikomo kimevukwa ilhali hakijavukwa, na mwandishi akingoja umwagaji wa kurasa zisizokuwepo. Mfumo wa faili wa XFS hufanya vivyo hivyo diski inapokaribia kujaa, na ule wa ext4 una mpaka wake wa kuhamia jumla kamili. Miaka kumi baadaye makundi ya makontena yakapewa kihesabio kisicho na kinga hiyo.

Kosa la vihesabio hivi hukua pamoja na idadi ya vichakataji, ilhali mgao wa kontena haukui nayo. Kwa sababu hiyo wanaotunza mfumo hawana budi kwenda mbali kuliko kuziba tundu moja moja. Kila sehemu ya msimbo inayolinganisha kihesabio cha makadirio na kikomo ilazimishwe kutaja kosa inaloweza kuvumilia, na isiyotaja isomewe jumla kamili.