Usiku wa Kwanza Hakuna Kujipamba

Meli ya utalii ikitia nanga Mombasa au Unguja, sisi wa pwani huwaona abiria wake mchana tu. Wanashuka na kaptula zao, kofia pana na makubazi, wanapiga picha milango ya nakshi, wananunua vinyago, na jua likikaribia kuzama wamesharudi melini. Kinachofuata hatukioni. Watu wale wale, saa chache baadaye, shingo zimebanwa kwa tai ya kipepeo, magauni yanaburura kwenye zulia, na wamepanga foleni ili wapigwe picha na nahodha. Wenyewe huuita usiku rasmi. Katika safari ya wiki moja huwa mmoja au miwili, mara chache mitatu.

Desturi hiyo ilikuwepo kabla utalii wa melini haujaenea kama leo. Wengi hudhani ilianzia kwa mafundi cherehani wa London au kwa kiburi cha matajiri. Kiburi kilikuwepo, tena tele, lakini ukiifuata historia yake kwa makini utajikuta umesimama mbele ya kasha.

Mwanzoni mwa karne ya 20, tajiri aliyevuka Atlantiki hakubeba begi. Charlotte Cardeza, Mmarekani wa Philadelphia, alipanda Titanic Aprili 1912 akiwa na makasha 14, masanduku manne na makreti matatu. Meli ilipozama yeye aliokoka, mizigo ikazama. Madai yake ya fidia yalifika dola 177,352.75, fedha ambayo wakati ule ingenunua mtaa mzima wa nyumba.

Mizigo ya namna hiyo haiwezi kukaa chumbani. Ndiyo maana makampuni ya meli yaligawa vibandiko: kimoja kilieleza kwamba mzigo unatakiwa safarini, kingine kwamba hautakiwi, na wenye hicho cha pili ulishushwa ngamani mpaka mwisho wa safari. Hapo ikazaliwa kanuni iliyokuja kuhesabiwa kuwa adabu kuu ya baharini: usiku wa kwanza hakuna kujipamba, na wa mwisho vivyo hivyo. Usiku wa kwanza nguo bado zimo makashani zimekunjamana. Wa mwisho zimekwisha kufungwa. Asiyejua akashuka amevaa koti la mkia usiku wa kwanza, alijulikana mara moja kuwa ni mgeni wa mambo.

Katikati ya siku hizo mbili ndipo mashindano yalipokuwa. Katika Titanic mpiga tarumbeta alizunguka kuwaita abiria wa daraja la kwanza mezani, nao wakateremka kwa ngazi kubwa hadi kwenye ukumbi wa kupokelea uliokuwa mbele ya chumba cha chakula. Wa daraja la tatu hawakuwa na habari hizo. Vazi lao zuri lilikuwa lile la kanisani. Na usiku ule wa kuzama, kwa ushuhuda wa mhudumu wa chumba chake, milionea Benjamin Guggenheim alivua nguo za baridi, akavaa vazi lake la usiku pamoja na mtumishi wake, wakangoja kifo. Sijui niite ushujaa au ushamba wa hali ya juu. Pengine vyote viwili.

Wafaransa ndio waliotambua kwamba siri iko kwenye ngazi. Meli yao Île de France ya 1927 ilijengwa hivi kwamba huwezi kufika mezani bila kuteremka mbele ya macho ya waliokwisha kuketi. Normandie, iliyoanza safari 1935, ikapita mpaka: chumba chake cha chakula kilikuwa na urefu wa mita 93 hivi, hakina dirisha hata moja, na mwanga wote ulitoka kwenye taa za vioo za Lalique. Chumba kama kile kinamdai mtu avae. Si kila mtu alipendezwa, hata hivyo. Emily Post, bingwa wa adabu wa Marekani, alikuwa ameshawakemea katika kitabu chake cha 1922 wanawake waliovaa magauni ya dansi melini. Machoni pake ilikuwa ni kukosa mahali pengine pa kujionyesha.

Wanaume walikuwa na njia yao ya kupumua. Koti fupi jeusi ambalo leo tunaliona la kifahari kupindukia lilianza kama vazi la kupumzikia. Duka la Henry Poole la London linaeleza kwamba lilimshonea mwana wa Malkia Victoria, aliyekuja kuwa Mfalme Edward VII, mwaka 1865, ale chakula cha usiku nyumbani bila kubanwa na koti la mkia.

Halafu likaja joto. Meli zilizopita Mfereji wa Suez ziliingia Bahari ya Shamu, na humo hata koti hilo fupi ni adhabu. Waingereza wakapatana: vua koti, baki na shati jeupe, suruali nyeusi na mshipi mpana wa kitambaa kiunoni. Mshipi huo waliuchukua India, na jina lake ni la Kiajemi lenye maana ya kifunga kiuno. Mzee wa pwani aliyejifunga mahazamu juu ya kanzu asingeona jipya lolote hapo. Meli za kampuni ya British India zilizoitwa Kenya na Uganda, zilizoanza kazi 1951 na 1952 kati ya London na pwani yetu, zilipita bahari hiyo hiyo.

Kilichoivunja desturi ni ndege. Oktoba 1958 ndege za jeti zilianza kubeba abiria juu ya Atlantiki, na meli zikageuka mahali pa kwenda likizo. Abiria wa leo huruka kwanza hadi bandarini, na kilo 23 za shirika la ndege hazina huruma na gauni la sherehe. Mwaka 2000 kampuni ya Norwegian ikatangaza safari zisizolazimisha mavazi, na nyingine zikalegeza kamba.

Kampuni ya Cunard imeshikilia. Katika meli yake ya Queen Mary 2, usiku wa gala hutaka koti jeusi au suti ya rangi nzito, na kanuni zake zinakubali pia vazi rasmi la kitaifa. Kwa kusoma kwangu, kanzu safi na joho vimo. Asiyetaka hafukuzwi, atakula kwenye ukumbi wa kujipakulia akiwa na shati lake.

Na katika meli nyingi zilizobaki na desturi hii, usiku rasmi kwa kawaida hauwekwi siku ya kwanza wala ya mwisho, ingawa sanduku la leo lina magurudumu na mara nyingi huwa limekwisha kufikishwa mlangoni kabla ya chakula.