Mkono wa Mchoraji na Mkoba wa Mlipaji

Miongoni mwa wachoraji waliopata riziki yao katika magazeti ya Marekani, ni wachache mno waliojulikana na halaiki ya watu kama Norman Rockwell, mzaliwa wa New York wa mwaka 1894, ambaye akiwa na umri wa miaka 22 tu aliuza picha zake za kwanza za jalada kwa The Saturday Evening Post, gazeti la kila juma lililochapwa Philadelphia, na tangu Mei 1916 hadi 1963 akalipamba kwa majalada zaidi ya 300.

Kazi hiyo ilikuwa na taratibu zake. Kwanza alipeleka rasimu kwa mhariri; ikipata idhini aliwatafuta majirani wamsimamie kama vielelezo, na katika miaka ya baadaye akawapigisha picha za kamera; kisha alichora kwa makaa, akazijaribu rangi katika mchoro mdogo, na mwisho ndipo alipopaka rangi ya mafuta juu ya turubai. Ustadi ulikuwa wake, lakini ruhusa ilikuwa ya mwenye gazeti.

Rockwell mwenyewe alisimulia uzeeni kwamba George Horace Lorimer, mhariri wa gazeti lile tangu 1899 hadi 1936, alimwagiza asimchore mtu mweusi ila katika hali ya utumishi, na kwamba safari moja aliamriwa kumfuta mmoja aliyekwisha kumtia katika picha ya kundi. Hivyo mamilioni ya wasomaji wakaletewa taswira ya nchi ambayo baadhi ya wenyeji wake walitolewa kwa sharti, wala si kwa bahati. Hata katika zile picha zake nne mashuhuri za 1943, zilizotokana na hotuba ya Rais Roosevelt juu ya uhuru wa namna nne, na ambazo maonyesho yake yalisaidia kuuza dhamana za vita za dola zaidi ya milioni 130, uso wa mwanamke mweusi katika ile ya uhuru wa kuabudu umewekwa pembeni kabisa.

Alipoachana na gazeti hilo alikwenda kwa jarida la Look, na tarehe 14 Januari 1964 likatokea, juu ya kurasa mbili zinazotazamana, umbo la binti mweusi mwenye gauni jeupe, rula na madaftari mkononi, akienda shule kati ya maaskari wanne wa serikali kuu ambao vichwa vyao vimekatwa na ukingo wa picha, na nyuma yake ukuta wenye tusi la ubaguzi na nyanya iliyopasuka. Kisa chake kilikuwa cha kweli: Ruby Bridges, mtoto wa miaka sita, alisindikizwa hivyo mjini New Orleans mwaka 1960. Barua za ghadhabu zilikuja pamoja na za shukrani. Na mwaka 2011 picha hiyo ikatundikwa katika Ikulu ya Washington, Rais akiwa Barack Obama.

Mkono uliochora picha ya 1964 ndio ule ule wa 1916. Aliyebadilika ni mlipaji. Hayo hayamwondolei Rockwell lawama, maana alipokea ujira wa gazeti lile kwa miaka 47, lakini yatupasa, kila tunaposifu au kukemea picha ya gazeti, tuulize pia ni nani aliyeiagiza.